Shikamoo ya Baba kwa Mgeni

Mwezi uliopita, pale Mikumi, niliwaona watalii wakipanda gari la wazi kwenda mbugani, dereva akiwashika mkono mmoja mmoja. Niliinamisha uso. Ndugu yangu, kazi ya namna ile ndiyo iliyonilea, na mpaka leo nikiiona naona haya.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru baba alikuwa na katapila kuukuu, alilolinunua kwenye shamba la mkonge alikokuwa dereva. Masika, barabara zikigeuka tope, alilifungia tela nyuma akawapandisha wageni wa Kizungu, watu wa matembezi, milima ya Kilosa, mahali gari lolote lisingefika. Kule juu waliteremka, wakashuka kwa miguu wakiteleza na kucheka, naye akazunguka kuwangoja bondeni. Alfajiri nyumba yetu ya Magomeni, pale pale Kilosa, ilinuka dizeli na vitumbua vya bibi. Mimi nilitwanga mchele huku nasinzia.

Siku moja alikuja mgeni kijana, ndevu hazijamjaa. Baba, na mvi zake, akavua kofia. "Shikamoo, bwana." Kule kwenye mkonge waliwaamkia hivyo hata watoto wa mabwana, na ulimi wake ulikuwa haujapata habari za Uhuru. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanapita. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi aliacha kukaanga, akamtazama baba.

Jioni baba aliporudi alimwamkia mama yake kama kawaida. Bibi hakuitika.

"Mwanangu, shikamoo umempa yule mtoto. Mimi umenibakishia nini?"

Tangu hapo, kila baba akimwamkia, bibi alijibu "Umeamkaje" basi. Baba alijaribu kuwapokea wageni kwa "Habari za asubuhi", lakini akishtuka, shikamoo imeshamtoka. Na sisi tulikuwa tunakula kwa wageni hao hao.

Vijiji vya Ujamaa vilipokuja, katapila likachukuliwa kwenda kung'oa visiki shamba la kijiji. Baba alirudi kwa miguu, mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Alikaa chini kwenye vumbi akalia, mtu mzima yule, mbele yetu. Nikageukia ukutani. Sijui alililia katapila au ile marahaba. Niliona haya kumwuliza, miaka ikapita, na sasa wa kuulizwa hayupo.