Mhandisi Anayeandika Muhtasari

Wifi yangu ni mhandisi wa madaraja. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakimwona na faili mkononi humuuliza bosi yuko wapi.

Ofisini kwao ni mwanamke pekee kwenye meza ya wahandisi. Katibu muhtasi alipostaafu, mwenyekiti alizungusha macho mezani akitafuta wa kuandika muhtasari wa vikao. Hakuchelewa kumpata. "Dada, wewe una mwandiko mzuri," akamwambia. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Wanaume wanane wanakaa kwenye meza ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugundulika kuwa na mwandiko.

Na pale kuna utaratibu wao. Mwandishi hatajwi katika muhtasari. Tangu enzi za katibu, kazi yake ni kuandika, si kusema. Wifi anasema, tena sana. Basi kila hoja yake ilibidi itafutiwe mwenyewe, naye akaiandika kwa jina la yule aliyeirudia. Warudiaji hawakukosekana.

Miaka mitatu iliyopita akaja kijana wa Kizungu, katoka chuo juzijuzi. Walimpa jina la Mtaalamu siku aliyoshuka kwenye ndege, hata begi hajalifungua. Wifi ndiye aliyemfundisha kupima udongo wa mtoni, na kijana, sitaki kumsingizia, ana adabu zake na alishukuru. Ana kipaji cha kurudia pia. Wifi akisema nguzo ya pili ishushwe mita mbili zaidi, kimya. Mtaalamu akisema, "Naona nguzo ya pili ishushwe," wazee wanatikisa vichwa kukubali, na wifi anaandika: Mtaalamu alishauri.

Nafasi ya Mhandisi Mkuu ikatangazwa. Wifi aliitaka, wala hakuficha. Alimwambia kaka yangu mbele ya watoto kwamba ameisubiri tangu akiwa na ujauzito wa kifungua mimba wao, na sasa huyo binti anaazima viatu vyake. Mimi ni fundi cherehani. Nikamshonea suti ya kijivu ya usaili.

Siku ya usaili, mwenyekiti alikuwa na jalada la mihtasari mbele yake.

"Dada, tumesoma yote. Mchango wako hatujauona."

"Mzee, hiyo yote nimeandika mimi."

"Hilo halina ubishi. Mwandiko safi kabisa."

"Nasema hoja. Ile ya nguzo ni yangu. Mlikuwepo hapa hapa."

Wakatazamana. Mmoja akaeleza, kwa upole, kwamba kamati inafuata maandishi.

Nafasi akapewa Mtaalamu. Wifi alipata barua ya kumpongeza kwa utunzaji mzuri wa kumbukumbu. Siku hiyo alilia jikoni akiwa amesimama, chakula kinaungua. "Wifi, nimejifuta kwa mkono wangu mwenyewe," akaniambia. Nilitaka kwenda kuwapindulia ile meza. Bado nataka.

Kikao kilichofuata, mkandarasi wa daraja jipya aliuliza msingi ushuke mita ngapi. Mhandisi Mkuu akamgeukia wifi. Wengine nao wakamgeukia. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelipigia hesabu wiki nzima.

"Dada?" mwenyekiti akamshtua.

"Naandika, mzee. Endeleeni."

Mtu mmoja alikohoa, mwingine akaomba dirisha lifunguliwe.

Nakala ya muhtasari ule alinionyesha. "Mkandarasi aliuliza kina cha msingi. Mhandisi Mkuu hakujibu. Wajumbe hawakujibu. Kikao kiliahirishwa kwa kukosa mwenye jibu." Chini yake wanaume wote wanane wametia saini. Walisaini bila kusoma, kama walivyofanya miaka yote, wakimwamini mwandishi.