Mkata nyasi aliyemwezekea mama mkwe nyasi za kivulini

Jua limeshachoma, na mkata nyasi wanayemwita Mundu amechutama mbugani, anavunja bua moja kwa vidole. Linakatika kwa mlio mkavu. Hilo limeiva. Anashika mundu wake na kuanza kukata.

Hatua chache kutoka hapo, chini ya miti, nyasi ni ndefu, nene na bado za kijani. Hazigusi.

"Zile zimeniaibisha," anasema. "Hapana, nimejiaibisha mwenyewe."

Mvua zinapoanza, nyasi za kivulini huchipua mapema. Mvua zinapokatika, nyasi hizo hubaki mbichi wiki kadhaa baada ya zile za uwazini kukauka. Zinapendeza macho, lakini mabua yake ni laini na yana maji. Ukiziezekea nyumba, paa linaoza.

Mundu anayajua hayo tangu ujana wake. Mwaka jana, hata hivyo, wateja walimaliza nyasi zote nzuri, na mama mkwe alikuwa bado anangoja paa lake, la bure. Akamkatia za kivulini, mizigo arobaini.

"Wenye kulipa niliwapa zilizoiva. Yeye nikampa hizo. Nikajipa moyo, eti zitakaukia huko huko juu."

Njia ya mwongo ni fupi. Mvua kubwa ya kwanza ilimlowesha mama wa watu kitandani. Akahamishia godoro jikoni, akalala huko msimu mzima. Majirani walipocheka kwamba mkwe kamwezekea chujio, aliwakemea: mvua za mwaka huu ni kali, kijana hana kosa.

Mke wa Mundu hamfichi. "Mama anakutetea, na wewe unapita njia ya nyuma kama mwizi wa kuku!"

Msimu huu Mundu hajauza hata mzigo mmoja, ingawa wateja wameanza kumkimbia. Nyasi za kwanza zote ni za mama mkwe, na paa lazima liishe kabla ya mvua.

Juzi mama huyo alimtafutia kazi. Jirani yake anajenga, na mama amemwambia jirani huyo hakuna anayejua nyasi kumshinda mkwewe.

"Siipokei kabla sijamwambia ukweli," anasema Mundu, akikaza kamba ya mzigo. "Siku nikimaliza paa, nitakaa chini nimwambie, mama, nilijua. Akiniita tapeli, nitashukuru. Ninachoogopa ni aniambie, 'Pole, mwanangu.'"