Nilichora maisha ya mchoraji wa kuta zetu, nikamwacha nje Kazungu

Wakuu, salaam aleikum. Na wa hamjambo, hamjambo pia.

Uzi huu nimeuanza mara tatu nikaufuta. Leo naumaliza hata kama utanishushia heshima. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea. Wallahi sijatia chumvi.

Mimi nafundisha sanaa shule moja huku Changamwe, naishi Mikindani, na nikitoka kazini nachora katuni. Mwaka jana shirika moja dogo likaniomba nichore kitabu cha katuni kuhusu maisha ya Mzee Athmani.

Kwa wasiotoka Mombasa: huyu ndiye aliyezichora kuta zetu. Zahanati, shule, kumbi, kuanzia Likoni mpaka Kisauni. Ule ukuta wa ghala wenye soko zima, na mbuzi amesimama juu ya mkokoteni, ndio uliompa jina. Watu huja na kamera kutoka mbali kuupiga picha. Pembeni chini pameandikwa jina moja tu: Athmani.

Siku hizi mzee haoni. Presha ya macho imemmaliza. Anakaa Likoni na bintiye, Zuhura.

Basi kazi ilikwenda hivi. Kila Jumamosi asubuhi navuka feri, mzee ananihadithia, narudi nyumbani nachora. Jumamosi inayofuata namweleza kila picha kwa mdomo.

Wakuu, kueleza picha kwa mtu aliyekuwa na macho kama yale ni kazi ya punda. "Mkono umeshika nini? Jua liko wapi? Kivuli kimelala upande gani?" Mara mbili alinikamata nimechora kivuli cha jioni kwenye habari ya asubuhi. Nilikuwa narudi kwangu nimechoka hata kula sitaki.

Siku moja akanihadithia juu ya Kazungu.

Kazungu alikuwa mwenzake wa kazi, mtu wa Kaloleni. Ule ukuta wa ghala waliuchora wawili. Kazungu alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo walisimama bega kwa bega bila kugongana viwiko. Siku ya mwisho kilibaki kipande cha mbingu, juu kabisa kwenye pembe. Kazungu yuko juu ya mbao, Athmani yuko chini anaelekeza.

"Nikamwambia, sogea kidogo tu, bado hapo pembeni," mzee akanambia. "Akanisikiliza, akasogea. Mbao zilikuwa zimeisha."

Kazungu alifariki siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata Athmani akapanda mwenyewe akamaliza ile mbingu. Alitaka kuandika majina mawili. Mwenye ghala akakataa, akasema hataki jina la maiti ukutani kwake.

"Nami sikubisha," mzee akasema. "Mchore, mwalimu. Mchore akiwa juu. Na maneno yangu uyaandike."

Nikachora kwa penseli hapo hapo. Zuhura ndiye wa kwanza kuuona ule ukurasa, alipokuja kuniwekea chai. Akaniita uani.

"Kitabu hiki kitakwenda mashuleni," akasema. "Unataka watoto wa watu wamwite babangu muuaji? Miaka yote hii hakumwambia mtu. Sasa haoni, hatoki, kimebaki nini kwake ila jina? Nakuomba, kakangu. Utoe."

Ningeweza kurudi ndani nikamuuliza mwenye maisha yake. Sikurudi. Shirika lilikuwa linanipigia kila siku kuhusu deadline, shuleni mitihani inangoja kusahihishwa, na mimi nilikuwa nimechoka na watu. Nikautoa.

Jumamosi iliyofuata nikamsomea mzee kitabu kizima. Tulipofika mahali pale akaniuliza, "Kazungu yumo?"

Nikasema, "Naam, mzee. Yumo."

"Yuko juu?"

"Yuko juu."

Akatabasamu. Hapo ndipo pananiuma zaidi. Alitabasamu.

Kitabu kikazinduliwa ukumbi mmoja pale Likoni. Viti vimejaa, walimu, jamaa, wachoraji vijana. Mstari wa mbele ameketi mama mmoja wa makamo kavaa leso mpya, kaja kutoka Kisauni peke yake. Sikumjua. Mzee alipopewa nafasi ya kusema, akasema maneno machache tu, kisha akaita, "Sidi yuko wapi? Mjane wa Kazungu. Mpeni kitabu amuone mumewe."

Wakuu, nikajisogeza nyuma ya viti.

Yule mama akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, akafuata wa pili, taratibu, huku anapitisha kidole juu ya kila sura. Ukumbi mzima unamngoja. Alipofika mwisho akarudi tena mwanzo.

Kisha akafunga. "Hayumo," akasema.

"Yumo," mzee akajibu. "Mwalimu amenambia yumo." Akageuza kichwa huku na huku, anaitafuta sauti yangu.

Sikuitoa. Zuhura alikuwa anatazama sakafu.

Nilimwendea mzee baada ya siku tatu. Shikamoo yangu akaiitika vizuri, marahaba, kama kawaida yake. Hakupandisha sauti. Akasema tu, "Mwalimu, mimi natumia macho yako. Sina mengine." Bora angenitukana.

Nikaamua kuchora upya. Kwanza nikaenda Kisauni kwa Mama Sidi, maana Kazungu sikuwahi kuiona sura yake. Nilimwomba msamaha mlangoni, akanambia niingie kwanza. Alikuwa na picha moja ndogo ya kitambulisho, imefifia. Nikachora mbele yake, naye anasahihisha: masikio yametoka zaidi, ndevu hakuwa nazo, shati hakufunga kifungo cha juu. Tulikaa mpaka adhuhuri. Hakuniuliza alianguka vipi, nami sikumwambia. Nilitaka mzee aridhie kwanza.

Kurasa zikawa mbili. Nikampelekea mzee, nikamweleza picha moja moja. Safari hii hakuuliza habari ya vivuli. Aliuliza jambo moja.

"Maneno yangu umeyaandika?"

"Nimeyaandika."

"Soma."

Nikasoma: Sogea kidogo tu, bado hapo pembeni.

Akaniambia nisome tena. Kisha akasema, "Sawa. Mpelekee Sidi."

Zuhura alikuwa mlangoni, alisikia yote. Tangu siku ile hajanisemesha.

Mama Sidi alizisoma zile karatasi amesimama. Alipofika kwenye yale maneno akavua miwani.

"Haya ni ya Athmani mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi aliniambia mbao ilivunjika." Akakaa kitini. Kisha akasema, "Mwambie Ijumaa nitavuka."

Ijumaa nikamchukua nikamfikisha mpaka kwa mzee. Wakafunga mlango, nikakaa nje barazani. Sikusikia ugomvi, sikusikia kilio. Sauti mbili za chini tu, zinapokezana. Ikapita adhana ya alasiri, bado wamo ndani.

Mama Sidi alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sikuthubutu kuuliza. Akanambia, "Mwanangu, twende feri. Na Ijumaa ijayo pia utanileta."

Zile kurasa mbili tulizichapisha kando, tukazitia ndani ya nakala zilizobaki. Zilizokwisha kutoka zimetoka, siwezi kuzirudisha. Kuna watoto wanaosoma maisha ya Athmani bila Kazungu, kwa mkono wangu.

Nilichojifunza: uchovu ulinifanya niseme uongo kwa neno moja tu, naam, na kulirekebisha kumenichosha kuliko kitabu kizima. Ukipewa maisha ya mtu uyachore, muulize yeye. Hata kama familia inalia, rudi ndani ukamuulize.

Ila Zuhura naye simlaumu. Alikuwa anamlinda babake.

Sasa nyie wachoraji, waandishi, na wote mliowahi kusimulia habari za mzee wenu: mwenyewe akisema tia, na mwanawe akisema toa, ungemsikiliza nani? Semeni bila kunionea haya, nitasoma yote.