Ukuta wa Bastola wa Lemuel Tackaberry

Siku hizi kila kijana wa hapa Cutler anatembea na bastola chini ya koti, na ati hayo ndiyo maendeleo. Zamani, ukiingia mtaa wetu mkuu, ulishuka kwenye duka la kwanza, la Lemuel Tackaberry mshona matandiko ya farasi, ukamkabidhi silaha yako akaitundika ukutani. Hukurudishiwa mpaka uwe juu ya farasi, tayari kuondoka. Na ukishapanda, Lemuel alikupa bila kukuuliza neno. Safari ya kwenda zizini kumfuata farasi ilipoza hasira za wengi, na adui naye alipata nafasi ya kutoweka. Kansas nzima ingejifunza kwetu.

Lemuel hakuoa. Alikuwa na mdogo wake tu, Harlan, muuza unga wa ng'ambo ya barabara, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu.

Jumamosi moja Harlan aligombana na mchunga ng'ombe, Asa Quillen, akampiga koleo la unga mbele ya wanawake na kumng'oa meno. Asa akaingia kwa Lemuel akitema damu.

"Nipe bastola yangu."

"Panda farasi kwanza, Asa."

Asa akanyakua nyundo, akauponda mkono wa kushoto wa Lemuel juu ya meza ya kazi. Tulisikia mifupa tukiwa nje.

"Farasi kwanza," Lemuel alisema, machozi yakimtoka.

Asa akaitupa nyundo, akaenda zizini. Lemuel akajikokota hadi barazani.

"Harlan! Toka kwa mlango wa nyuma, anarudi!"

Harlan alikuwa juu ya pipa mlangoni pa duka lake, anatafuna karanga. "Nimkimbie kibogoyo? Nenda kafunge kidole chako, kaka."

Asa akarudi amepanda. Watu walikuwa wamejaa milangoni, kinyozi na wembe wake mkononi.

"Haya, nimepanda. Nipe haki yangu."

Lemuel alimtazama mdogo wake.

"Sikupi."

Asa akampandisha farasi barazani. Kwato zikamwangusha Lemuel, zikamvunja mbavu, zikamsukumia ndani pamoja na vioo vya dirisha. Harlan akavuka mbio, akamvuta Asa mguu, akamtandika chini kwa mpini wa koleo mpaka uso wake ukakosa umbo. Asa hakufa.

Jumatatu watu walianza kuja kwa Lemuel kudai bastola zao. Muuza nyama alivua kofia.

"Si kwa ubaya, Lem. Lakini angekuwa mdogo wangu pale kwenye pipa, ungempa Asa bastola."

Lemuel hakubisha. "Ningempa," alisema. "Chukua yako."

Wakazichukua, mmoja baada ya mwingine, wakatoka nazo viunoni. Kabla theluji haijaanguka tulikuwa tumezika watatu, waliopigwa risasi mchana kweupe mbele ya maduka.

Harlan alikuja wa mwisho.

"Na yangu, kaka. Wanasema Asa ameanza kutembea."

Lemuel akaitungua kwa mkono mzima, akampa.