Mwinjilisti Aliyepumzishwa

Nilifunga safari hii kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuifunga. Kanisa letu linapanga upya mambo yake: vijana wamehamia mjini, waumini wamepungua, na mitaa yake miwili ya waumini kisiwani Ukerewe inaunganishwa kuwa mmoja. Mwinjilisti Yakobo wa mtaa ule mdogo aliitwa ofisini kwetu Nyamagana, jijini Mwanza, akaambiwa apumzike. Mimi katibu nikaambiwa nimrudishe kwake na kuwatangazia waumini. Vikao vya mabadiliko vilikuwa vimenichosha hoi, lakini nani angenisikiliza?

Asubuhi mzee alikuja bandarini kavaa suti yake ya ibada. Ndani ya meli nikamnunulia chai na maandazi.

"Kula, baba."

"Kula wewe, katibu. Wewe ndiye mwenye kazi."

Hakuwa na nia mbaya, lakini iliniingia.

Tulipofika Nansio, bandari ya Ukerewe, kabla meli haijafungwa kamba, nilisikia vilio. Wanakwaya walikuwa wamejifunga khanga viunoni, wanaume wamekodi pikapu ya kubebea jeneza. Nikajiuliza nani kafariki. Mzee akashuka akavua kofia kuwasalimu, na mama mmoja akapiga yowe akatimua mbio.

Jamani, ofisi yetu! Jana yake ilikuwa imemtumia mwenyekiti wa kwaya ujumbe: "Mwinjilisti Yakobo amepumzishwa. Anarudi kesho na meli ya asubuhi, katibu anamsindikiza." Wewe ungeelewaje? Simu ya mzee alikuwa nayo mkewe, yangu imezima chaji.

Vilio vikageuka vigelegele. Mkewe, Mama Neema, alimpapasa mabega, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Baba Neema, nimekulilia usiku kucha, mzee mbaya wewe!"

Nilitamani kugeuza na meli ileile. Lakini niliwaambia palepale juani: mtaa umeunganishwa na wa jirani, mchungaji kijana atakuwa anawazungukia kwa pikipiki, mzee kazi yake imekwisha.

"Kumbe ni kweli," Mama Neema akasema. Akachukua begi la mumewe, akatangulia.

Mchana nilikula kwao ugali na sato. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinichosha kuliko safari yenyewe. Wakati wa kuaga, mzee alinisindikiza hadi barabarani.

"Katibu, Jumapili nikae wapi?"

"Kivipi, baba?"

"Tangu ujanani nakaa mbele, nawatazama watu. Sijawahi kukaa benchi. Kule tunakounganishwa kila mtu ana mahali pake. Nitamwambia nani asogee?"

Nikamwahidi nitauliza ofisini.

Nimerudi Mwanza, nimeuliza. Mwenyekiti wa kamati ya mabadiliko kacheka, kasema akae popote. Mimi sikuweza kucheka. Nilichojifunza Ukerewe ni kwamba tunajua mtaa upi uunganishwe na upi, na pikipiki ipite njia gani, lakini mzee akae wapi hatujui, na Jumapili ni keshokutwa.