Mgongo wa Alois

Kazi ya Bi Poldi Hruschka ilikuwa kutazama migongo ya watu. Nyumba yetu ya vipepeo, jengo la vioo la enzi za kaizari katikati ya Vienna, ina milango miwili ya kutokea, mmoja ukifuata mwingine, na ukumbi mwembamba katikati. Wa nje haufunguliwi kabla wa ndani haujafungwa, maana baridi ikiingia vipepeo hufa. Poldi alikaa humo katikati, kando ya kioo kirefu cha kujitazamia.

"Geuka, baba. Alaa! Umebeba abiria, tena hana tiketi."

Kipepeo akitolewa kwenye kola na kurudishwa ndani, mtu aliruhusiwa kwenda. Hakumwachia yeyote, hata mumewe Alois, fundi wa mabomba ya mvuke. Kila jioni Alois alisimama mbele ya kioo, akageuka taratibu.

"Umenenepa, mzee. Naona nyama tu."

"Tazama vizuri, mama. Macho yako ni ya mapambo?"

Januari iliyopita Alois alikaa kwenye benchi chini ya mgomba, asiinuke tena. Wabeba machela walimtoa kwa mlango wa nyuma wa bustani, bila kupita ukumbini kwa Poldi. Mimi, mkata tiketi, ndiye niliyewafungulia.

Tangu mazishi, vipepeo wakubwa wa buluu walikuwa wakitua kwenye benchi lile, upande ule tu alioegemea. Walitulia wamekunjua ndimi, kama wanavyofanya juu ya ngozi yenye jasho. Nilipangusa ubao kwa maji ya moto. Wakarudi. Wageni waliokaa hapo waliinuka upesi, wakisema ubao una joto la mtu.

Poldi akamwendea meneja, Bwana Dworschak.

"Mtu akifa dirisha hufunguliwa, roho ipite. Mzee wangu hakufunguliwa hata moja. Fungua la juu, kidogo tu. Atabaki humu mpaka lini?"

"Bi Poldi, nje maji yanaganda. Nitawaua wote. Alois mwenyewe angenikaba koo."

Alirudi kwenye kioo chake. Siku kadhaa baadaye, tukikaribia kufunga, akaniuliza, "Walipompitisha, nani alimtazama mgongo?"

"Hakuna."

"Si unaona! Huyo hatoki bila kukaguliwa. Unamjua alivyo. Wazuie watu kidogo."

Niliwazuia wageni kwa kamba, nikaingia naye ukumbini. Akashika mlango wa ndani.

"Haya, mzee. Njoo."

Mvuke ukaingia, na kipepeo mmoja wa buluu pamoja nao. Poldi akafunga.

"Geuka."

Kipepeo alikunja mabawa akasimama hewani, kimo cha bega la mtu mrefu. Hakupiga bawa. Chini yake hapakuwa na kitu. Hata kwenye kioo alionekana peke yake. Poldi akanyoosha vidole viwili, akambandua polepole, na nikaona vijiguu vyake vikivutika kabla ya kuachia.

"Una abiria," alisema. "Umekonda, mzee."

Alinitia kipepeo viganjani, akafungua mlango wa nje. Theluji ilikuwa ikianguka. Aliushikilia muda mrefu kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Alois alikuwa mzito wa kutembea. Kisha akaufunga.

Nilimrudisha kipepeo ndani, nikapita kwenye benchi. Halikuwa na kipepeo hata mmoja. Niligusa ubao. Ulikuwa baridi.

"Anayefuata!" Poldi akaita.