Chumba cha Tumbaku

Juzi hapa mtaani Isevya nilimwona bwana afya akikagua nyumba ya jirani, akinusa kila chumba, nikakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu. Chumba tulicholala watoto kilijaa tumbaku iliyokaushwa, yenye harufu tamu nzito, na mdogo wangu Masanja alikuwa ametapika tena mkekani.

“Mama, watoto wanalala humu?” aliuliza bwana afya wa siku hiyo.

“Sasa tumbaku ndiyo ilale nje, bwana? Iote ukungu?”

“Basi bora walale nje wao. Huyu tumbaku inamlewesha.”

Taratibu, kwa uchovu, mama aliburuta mkeka wetu hadi chumbani kwao, na yeye na baba wakahamia kwenye tumbaku mpaka soko lilipofunguliwa ikauzwa. Masanja alipona. Mama aliumwa kichwa msimu mzima, nami nilinuna, nikidhani wakubwa wamejichagulia chumba kinachonukia.